Tupeane uzoefu: ulitaka kuongezea mwishoni, faili likafutwa lote

Kibodi Chakavu
Wakuu habari zenu. Leo nimeletewa kodi (maandishi ya programu) niikague. Jamaa kafungua StreamWriter, ile ya kuandikia faili, kwa kutaja njia ya faili tu, bila ile True mwishoni inayoiambia iongezee, halafu analalamika logi yake (faili la kumbukumbu za programu) kila siku ina mstari mmoja. Nimecheka, ila nikakumbuka mengi. Lugha za C# na VB.NET, usiposema kitu, StreamWriter inafuta na kuanza upya, na FileWriter ya Java ni vilevile. Nani humu hajawahi kukutana nalo? Mwageni.

Mzee wa Paskali
Enzi zetu mtu ulitamka unachofanya. Lugha ya Pascal ina Rewrite ya kufuta na kuanza upya, Append ya kuongezea na Reset ya kufungua lililopo. VB6 unaandika For Output kufuta au For Append kuongezea. Sasa hivi uhai wa data uko kwenye herufi moja, 'w' ya kufuta na kuandika upya au 'a' ya kuongezea. Huko ni kutegeana.

Jicho la Tatu
Mzee umenena.

Binti Semikoloni
Uzi huu umenitonesha kidonda. Nilikabidhiwa programu ya C# ambayo mwandishi wake alishaondoka. Wateja wote wamo kwenye wateja.txt. Ukibonyeza Hifadhi, inafungua faili kwa kulifuta, kisha inazunguka kwenye jedwali la skrini ikiandika mteja mmoja mmoja. Hakuna using ya kulifunga faili, hakuna try ya kudaka hitilafu, hakuna chochote.

Siku hiyo kaingizwa mteja asiye na namba ya simu. Kitanzi kikafika kwake, kikakuta null (hakuna thamani), programu ikafa palepale. Nikalifungua faili: orodha imekatika katikati ya jina, mstari wa mwisho umeandikwa "Mwanah", basi. Kilichokuwa bado kwenye bafa, yaani kwenye kumbukumbu kikisubiri kuandikwa, hakikufika kwenye diski.

Nikajipa moyo kwamba bakapu ipo. Kumbe bakapu yenyewe ni kazi ya usiku inayonakili wateja.txt juu ya wateja.txt ya jana. Na usiku ulikuwa umeshapita. Nafungua bakapu, nasomewa "Mwanah" tena.

Kilichotuokoa ni mashine ya pili, ambayo programu iliachwa wazi tangu kabla ya tukio na orodha nzima ingali kwenye skrini. Nikapiga simu: toeni mkono kwenye panya, msifunge, msibonyeze kitu! Nikawaelekeza Ctrl+A, Ctrl+C, wabandike kwenye Notepad, wahifadhi kwa jina jingine kabisa. Mikono yangu ilitulia waliponisomea jina la mwisho na likawa linaanza na Z.

Jicho la Tatu
Duh!!! Usiombe yakukute.

Fundi Mitambo
Samahani dada, si mngebonyeza tu Hifadhi kwenye hiyo mashine ya pili? Data yote ilikuwemo.

Binti Semikoloni
Kaka, kitufe kilekile kilichoua faili ndicho nikibonyeze tena? Ningejuaje kama hakisomi faili upya kwanza?

Fundi Mitambo
Kodi si ulikuwa nayo? Ungesoma.

Binti Semikoloni
Nikiwa na simu sikioni na watu wawili wanapumua upande wa pili. Sawa.

Mkato
Haya yote yasingetokea kwa SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja. Nimemaliza.

Mzee wa Paskali
Logi ya mistari michache unaiwekea hifadhidata? Nyinyi vijana mna mambo. Faili la maandishi nalifungua popote, hata programu ikiwa imekufa.

Mkato
Ile si logi mzee, ni orodha ya wateja. Soma uzi.

Mgeni Njiani
Kwani 'w' si inafuta pale unapoandika? Nikifungua nisiandike kitu faili linabaki salama.

Kibodi Chakavu
Hapana mkuu. Jaribu Python: open('a.txt','w').close(), kisha angalia ukubwa. Baiti 0. Kisu kinapita wakati wa kufungua. Ukiogopa kugusa faili lililopo, tumia 'x', ipo tangu Python 3.3, inakataa kama faili lipo.

Msomaji wa Kimya
Mimi nimeona upande wa pili, wanaoongezea pasipotakiwa. Mipangilio ya programu iko kwenye JSON, muundo wa maandishi wa kuhifadhia data, mtu anaihifadhi kwa AppendAllText, ambayo huongezea mwishoni. Mara ya kwanza safi. Mara ya pili zinakuwa JSON mbili zimegandana mgongo kwa mgongo, programu haiwaki tena.

Fundi Mitambo
Kuna lingine baya kuliko yote: File.OpenWrite ya C#. Haifuti na haiongezei, inaandika juu kuanzia herufi ya kwanza. Faili lilikuwa na neno "kimeshindikana", programu ikaandika "kimefaulu". Tukasoma "kimefauluikana". Ofisi nzima ikabaki inajiuliza kama kimefaulu au la.

Jicho la Tatu
😂😂 kimefauluikana! Nabadilisha jina langu humu.

Mkato
Na alama ya kuongezea >> ya PowerShell 5.1, ile ya kuandikia amri Windows, je? Faili limeandikwa kwa UTF-8, yenyewe inaongezea kwa UTF-16, mfumo mwingine wa kuhifadhi herufi. Mistari mipya herufi zimeachana kama meno ya kibogoyo.

Binti Semikoloni
Nilichofanya baadaye: naandika wateja.tmp, nafunga, ndipo File.Replace inabadilishana na faili la zamani na kuacha nakala pembeni. Wa Python wana os.replace. Programu ikifia njiani, faili la zamani halijaguswa. Na bakapu sasa ina tarehe kwenye jina.

Mzee wa Paskali
Mimi naongezea tu, sifuti kitu maishani.

Mkato
Mpaka logi ijaze diski. Ikiwa kwenye flashi yenye mfumo wa mafaili wa FAT32, faili moja likikaribia GB 4 linagoma.

Mgeni Njiani
Sasa mimi nataka kubadilisha mstari mmoja tu katikati ya faili. Nitumie 'w' au 'a'?

Kibodi Chakavu
'a' haitakusaidia, itaupeleka mwishoni. Soma mistari yote, badilisha wako, andika yote kwa 'w' kwenye faili la muda, halafu fanya kama alivyosema dada hapo juu.

Mkato
Au SQLite, amri moja ya UPDATE.

Mzee wa Paskali
Ameanza tena.