MJADALA: Himaya tano za viumbe zibaki kwenye vitabu vya sekondari au zitolewe?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja. Vitabu vingi vya baiolojia vya sekondari Afrika Mashariki vinagawa viumbe hai katika himaya tano, yaani makundi makuu: Monera (wasio na kiini cha seli, kama bakteria), Protoktista (wenye kiini, wengi wa seli moja, pamoja na mwani), Fangasi, Mimea na Wanyama. Msingi wa mgawanyo huo uliwekwa na Robert Whittaker mwaka 1969. Aliangalia hasa seli imejengwaje na kiumbe kinapataje chakula: mmea hujitengenezea kwa mwanga, fangasi hunyonya, mnyama humeza. Kwa wakati wake ilikuwa kazi kubwa.

Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox walilinganisha RNA ya ribosomu (mashine za seli zinazotengeneza protini) za vijidudu mbalimbali, wakakuta wale wanaotoa methani hawamo kabisa kwenye ukoo wa bakteria. Mwaka 1990 Woese na wenzake wakapendekeza ngazi iliyo juu ya himaya, yaani domeni. Ziko tatu: Bakteria, Arkea (wakiwemo hao wanaotoa methani) na Yukariota (wote wenye kiini cha seli, tukiwemo sisi).

Msimamo wangu ni kwamba Monera itolewe, na Protoktista isifundishwe tena kama ukoo mmoja. Waliowekwa ndani ya Monera wanaunganishwa na kukosa kiini cha seli tu. Ukichunguza mafuta ya utando wao na ukuta wao, arkea wanatofautiana wazi na bakteria, na mitambo yao ya kusoma DNA inafanana na yetu kuliko ya bakteria. Mwanafunzi anayekariri Monera anakariri undugu ambao haupo.

Mwalimu wa baiolojia

Mkuu, sayansi yako siipingi. Ninachouliza ni mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ataona nini. Tone la maji ya bwawa kwenye kioo, mfuniko ukishushwa polepole kwa pembe ili mapovu yasiingie, hadubini ikikuza mara 100 kisha 400, anamwona mwani Spirogyra na kloroplasti yake ya kijani iliyojizungusha kama utepe. Mkate ukilowanishwa na kufunikwa siku tatu hadi tano, anaona nyuzi za ukungu na vichwa vyeusi vya spora. Arkea na bakteria huwezi kuwatofautisha hivyo, hata ukifika mara 1000 kwa lenzi ya mafuta. Wote ni vijiti na vidoa. Utamwambia aamini tu.

Halafu lengo la mada hii kwa wanaoanza ni kujifunza kupanga kwa ushahidi, na ufunguo wa utambuzi, yaani jozi za sentensi zinazokuongoza hadi jina la kiumbe, ndio unaolipima. Chukua konokono, panzi, buibui, tandu na jongoo. Viumbe watano wanahitaji jozi nne za sentensi, daima pungufu kwa moja:

1a Hana miguu: konokono. 1b Ana miguu: nenda 2.
2a Miguu jozi tatu: panzi. 2b Zaidi ya jozi tatu: nenda 3.
3a Jozi nne: buibui. 3b Zaidi ya jozi nne: nenda 4.
4a Pingili ya kiwiliwili ina jozi moja ya miguu: tandu. 4b Pingili nyingi zina jozi mbili mbili: jongoo.

Wanafunzi wengi hukosea palepale: wanaandika "mkubwa" na "mdogo", au 1a inazungumzia miguu na 1b inazungumzia mabawa. Jozi ya namna hiyo haimpeleki mtu popote, kwa sababu mdudu mmoja anaweza kutimiza zote mbili. Kama kosa hili bado linatusumbua, domeni tatu zitasaidia nini?

Bwana shamba

Mwalimu, ufunguo wako ni mzuri na ubaki. Ila sikubali kwamba kisichoonekana kwa hadubini hakina kazi.

Nyanya na viazi mviringo vina magonjwa mawili ambayo wakulima wengi huyaita yote "ukungu". Bakajani wahi huanzia majani ya chini yaliyozeeka, madoa ya kahawia yenye pete ndani ya pete. Huletwa na Alternaria, fangasi halisi. Bakajani chelewa hupamba moto wakati wa baridi na unyevu: doa linaonekana kama limelowa maji, linakuwa jeusi, na ukiligeuza jani asubuhi na mapema unakuta utando mweupe pembeni mwa doa. Huyo ni Phytophthora infestans. Anaota nyuzi na kunyonya chakula kama fangasi, na Whittaker alimweka huko. Lakini ukuta wake una selulosi badala ya kaitini (dutu ngumu ya ukuta wa fangasi), na hatengenezi ergosteroli (mafuta ya utando wa seli za fangasi).

Dawa ya difenokonazoli hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa ergosteroli. Inamdhibiti Alternaria vizuri. Ukiipulizia peke yake kwenye bakajani chelewa, unakizuia kitu ambacho mdudu huyo hafanyi, na shamba linaweza kuungua ndani ya siku chache. Metalaksili ni kinyume chake: inampata Phytophthora, haimgusi Alternaria. Mankozebu hukinga yote mawili kwa sababu hushambulia sehemu nyingi za seli kwa pamoja, lakini lazima itangulie ugonjwa, maana haipenyi ndani ya jani kutibu. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kila chenye nyuzi ni fangasi ndiye kesho anauza dawa kwenye duka la pembejeo.

Mleta mada

Asante bwana shamba. Na jamaa wa karibu wa Phytophthora ni nani? Ni mwani wa kahawia, kama ule wa Sargassum unaotupwa ufukweni. Mwani unaolimwa Zanzibar, spinosum na cottonii, ni mwani mwekundu, na uko karibu zaidi na mhindi shambani kuliko na Sargassum. Kitabu kinawaweka mwani hao wote chumba kimoja cha Protoktista, pamoja na Plasmodium wa malaria. Plasmodium ana mabaki ya kiungo kilichotokana na mwani mwekundu, na dawa ya doksisaiklini inamdhuru kwa kupitia hapohapo. Ukiujua ukoo wake, dawa inaeleweka. Ukibaki na "protoktista wa seli moja", haieleweki.

Fundi wa mitambo ya biogesi

Naongeza juu ya Monera. Shimo moja la biogesi lina domeni mbili zinazotegemeana. Bakteria huvunja samadi na kutoa asidi, arkea huzigeuza methani. Bakteria wanazaliana haraka, arkea taratibu. Samadi na maji huchanganywa takriban kiasi kwa kiasi. Mtu akijaza samadi nyingi mno kwa mara moja, au akimwaga mabaki ya jikoni kwa ndoo, asidi inazidi kasi ya arkea. pH (kipimo cha uasidi) ikishuka chini ya 6.5 arkea wanadorora, na gesi inatoka lakini haiwaki kwa sababu imejaa kabonidayoksaidi. Tiba ni kuacha kulisha kwa siku kadhaa, kuweka chokaa kidogo kidogo huku ukipima, na kuongeza tope kutoka mtambo mwingine unaofanya kazi vizuri. Ukiwaita wote Monera, huwezi kueleza kwa nini kundi moja limesimama na jingine linaendelea.

Mwalimu wa baiolojia

Kwa Monera mmenishawishi, na mfano wa biogesi nitautumia. Kwa Protoktista bado. Mvuvi wa Ziwa Victoria anajua kamongo na sangara wote ni samaki, ingawa kamongo kiukoo yuko karibu na binadamu kuliko na sangara. Hatujaliacha neno samaki, kwa sababu linataja mwili na maisha ya majini. Protoktista ibaki kama fungu la kazi hivyo hivyo, mradi kitabu kiseme wazi kwamba si ukoo.

Kikwazo kikubwa ni mwongozo wa kusahihisha. Swali likisema "Taja himaya tano", anayeandika domeni tatu anapata sifuri. Hakuna mwalimu atakayehatarisha matokeo ya darasa lake.

Mleta mada

Fungu la kazi nalikubali, likiandikwa hivyo. Basi tubadili swali lenyewe. Mpe mwanafunzi viumbe vinne bila majina. A: hana kiini, ukuta una peptidoglikani (dutu ya ukuta wa bakteria), penisilini inamwua. B: hana kiini, hana peptidoglikani, penisilini haimdhuru, anatoa methani. C: ana kiini, ukuta wa kaitini, anahifadhi glikojeni (wanga wa akiba, kama wa wanyama). D: ana kiini, hana ukuta wa seli, anahifadhi glikojeni. Kisha muulize: nani kati ya B, C na D hapaswi kuwekwa pamoja na A kwa sababu tu ya kukosa kiini, na ni ushahidi gani unaomweka C karibu na wanyama?

Mwalimu wa baiolojia

Hilo nalisahihisha bila taabu. Ila mwongeze E, mwenye kiini, ukuta wa selulosi na nyuzi za kunyonya, asiye na klorofili. Tuone wangapi watamwita fangasi.