Mrejesho: Binamu yangu aliyekamatwa Houston tumempata

Ndugu zangu, juzi niliuliza nitajuaje binamu yangu anashikiliwa wapi baada ya kukamatwa Houston, Texas, Marekani. Tumempata, asanteni mno. Nilikuwa nahangaika na polisi wa jiji, kumbe jela ya Harris County, kaunti ulipo mji wa Houston, iko chini ya sherifu wa kaunti. Kwenye tovuti yake unaingiza jina na tarehe ya kuzaliwa, bure kabisa. Siku ya kwanza hakuonekana kwa sababu jina lilipinduliwa, la ukoo likawekwa mwanzo. Jaribuni mpangilio wote wawili! Tovuti moja ya watu binafsi ilinidai pesa kwa taarifa zilezile, msilipe. Dhamana imeshapangwa. Picha yake naomba msiisambaze, hajahukumiwa. Shangazi aliongea naye jana usiku, ndipo shangazi akapata usingizi.