Deskimeti wangu arudi baada ya miaka 19, nimpeleke wapi?

KibokoWaMajengo
Salaam alaykum watu wa Mombasa, naomba mawazo yenu. Nlikuwa na rafiki praimari, tumekaa deski moja kuanzia darasa la nne mpaka la nane, mtihani wa KCPE tukafanya pamoja 2005, na mwaka uliofuata babake akawachukua wote wakahamia Maskati. Siku zile nyumbani kwetu simu ni moja ya mama, nayo ya kubipu tu, barua hatukuandikiana, basi ikaishia hapo. Juzi nikapigiwa na namba ya nje, sauti nzito siijui, nauliza nani mwenzangu naskia "Kiboko, bado walala darasani?" Wallahi nlikaa chini pale pale dukani mbele ya wateja.

Hilo jina lina asili yake. Mwaka huo wa 2005 shule ilitupeleka Haller Park pale Bamburi kumuona Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini upande wa Malindi wakati wa tsunami ya Disemba 2004, akaletwa hapo akamganda kobe mmoja mkongwe aitwa Mzee, mmoja umri wake zaidi ya miaka 100 na mwengine bado ni mtoto, lakini walala pamoja wala pamoja na kobe akisogea kiboko naye yuko nyuma. Tulisimama pale kwenye uzio mpaka mwalimu akaja kutuvuta. Mie nlikuwa pande la mtu na rafiki yangu mfupi, mpole, kila kitu polepole hata kuandika, kwa hivyo kabla basi halijafika daraja la Nyali tushapewa majina, mie Kiboko yeye Kobe, na hayo ndo majina tuliyomaliza nayo shule.

Sasa yuaja Disemba, wiki mbili, na siku moja nataka iwe yetu sisi wawili tu. Mke wangu asema nimpeleke hoteli nzuri huko Nyali, lakini moyo wangu hautaki. Na nina hofu, nasema ukweli, tukishamaliza kucheka ya zamani tutaongea nini? Mtu nimemuacha na miaka 14.

BintiWaLikoni
Usimpeleke hoteli!! Maskati hoteli zimejaa, hakosi hoteli huyo. Mpandishe feri. Sisi tulikuwa wasichana watatu twatoka Likoni twasoma kisiwani, kila siku asubuhi na jioni feri, na kwa miguu ni bure mpaka leo, kwa hivyo siku tukiwa na maneno hayajaisha twafika ng'ambo twashuka twazunguka twapanda tena twarudi, twaenda hivo hata mara tatu mpaka magharib, nyumbani twasema foleni ilikuwa refu. Jedwali la mara 12 nimelifundishwa juu ya feri, mwenzangu aniuliza mie najibu na kelele zote zile za magari, na nikikosea naanza upya mpaka tufike. Mmoja sasa ni nesi Msambweni, mwengine ana cherehani zake Kongowea, na kila mwezi Jumamosi moja twakutana pale ufuoni Mama Ngina, mihogo ya kukaanga na pilipili na ndimu, dafu moja moja. Pale pametengenezwa upya 2019, mabenchi na taa, lakini mibuyu ni ile ile, na sisi tuna mmoja wetu twajua ni upi.

BabaPili
Nakujibu kwa hiyo hofu yako maana naiona ndo swali lenyewe. Mimi ni mkubwa kwako, 1994 nlikuwa darasa la saba. Ijumaa tarehe 29 Aprili feri ya Mtongwe ikazama asubuhi watu wakienda kazini, wakafa watu 272, na babake rafiki yangu alikuwa humo. Shule zilikuwa zimefungwa. Zilipofunguliwa akaja akakaa pahali pake kando yangu na mie sikuwa na la kumwambia, mtoto wa miaka 13 ajua nini cha kumwambia mwenzake? Mama akawa anifungia mahamri manne badala ya mawili, nampa yake, tunakula, tunarudi darasani. Ikawa hivo muhula mzima na sidhani tulitaja feri hata mara moja.

Mamangu alipofariki yeye ndo aliyefika wa kwanza, akashika jeneza upande wa mbele, hakusema kitu na sikutaka aseme. Mpaka leo twakaa barazani baada ya isha saa nzima kimya, kahawa na tende, mke wangu ashangaa kwani hawa wamegombana. Kwa hivyo ndugu yangu usiogope kunyamaza. Halafu muulize ya huko, alipofika Maskati siku ya kwanza alilala vipi, shule mpya alikaa na nani. Wewe ulibaki na mtaa na marafiki wengine, yeye aliondoka peke yake.

ViaziNaUkwaju
Ombeni ruhusa kwa hedimasta mukaingie lile darasa, kama deski bado zipo mukae. Jioni viazi karai. Na beba picha ya darasa la nane.

KibokoWaMajengo
Nimesoma zote, BabaPili umenikalisha usiku kucha. Mola amrehemu mzazi wa rafiki yako na wote wa siku ile, na mama pia.

Nimempigia jana usiku. Nikauliza kama ulivosema, siku ya kwanza shule ya huko ilikuwaje. Kanyamaza kidogo, halafu akanambia mwaka mzima alikuwa akikaa deski anaacha nafasi upande wa kushoto. Mie ndo nlikuwa nakaa kushoto.

Haller Park tutaenda na watoto siku nyengine. Siku yetu ni feri, halafu Mama Ngina. Nlipomwambia hivo akauliza yule mama wa barafu za ukwaju pale nje ya geti bado yupo? Nikamwambia alifariki, lakini bintiye yuauza pale pale, birika la mamake lile lile. Akasema basi tuanzie hapo, na kuna shilingi 10 alibaki na deni ya huyo mama siku ya mwisho ya shule, ataka kumlipa bintiye.