Linux Mint: nihamie Chromium au nipambane na Firefox hii hii?

Mwana_Ngamiani: Wakuu, naombeni ushauri, Jumatatu lazima niamue. Nina stesheneri hapa Ngamiani, Tanga, kompyuta nne, zote zinatumia mfumo wa Linux Mint badala ya Windows. Firefox, kivinjari cha intaneti, imeanza vituko: feni inavuma, ukurasa unaganda mteja yuko katikati ya fomu ya mkopo, matangazo ya kamari yanajifungua yenyewe. Nihamie Chromium, kivinjari kingine, au nipige Mint upya (niisakinishe tena)?

Fundi_Chumbageni: Kaka, RAM kiasi gani? Mint toleo lipi? Ekstensheni (vijiprogramu vya kuongeza kwenye kivinjari) zipi umeweka? Tutajibu nini hapo?

BintiMakorora: Usipige upya. Funga Firefox, fungua terminal (dirisha la kuandika amri), andika `firefox --safe-mode`, inafunguka bila ekstensheni. Ikitulia, mchawi ni ekstensheni. Nenda about:addons, zima zote, washa moja moja. Hizo kamari zikija kama arifa pembeni ya skrini, hiyo ni ruhusa mtu aliipa tovuti. Ifute kwenye mipangilio.

Kijana_wa_Code: Chromium tu. Shift+Esc unaona kinachokula memori.

BintiMakorora: Mdogo wangu, Chromium haipokei tena uBlock Origin kamili, ile ekstensheni ya kuzuia matangazo, imebaki Lite, toleo lake lililopunguzwa. Firefox bado inaipokea. Kwa duka la watu wengi hilo ni kubwa.

Mzee_wa_Raskazone: Nisikilizeni. Kijana wangu wa dukani aliweka ekstensheni ya kupakua video. Kila ukitafuta kitu unapelekwa tovuti usiyoijua. Nikapiga mfumo upya mara mbili, /home, folda ya mafaili ya mtumiaji, nikaiacha kulinda mafaili ya wateja. Mara zote mbili ikarudi! Profaili ya Firefox, yaani mipangilio na ekstensheni zake, inakaa humo humo, kwenye .mozilla. Binti mmoja alipoteza fomu yake saa tano usiku, siku ya mwisho ya maombi. Alilia pale kwenye kiti, na mimi sikuwa na la kumwambia. Tengeneza profaili mpya kwa `firefox -P`, usisumbuke na mfumo.

Fundi_Chumbageni: Lawama nyingine ni za snap, aina ya kifurushi cha kusakinishia programu. Ubuntu, Linux nyingine, tangu toleo la 22.04 Firefox yake ni snap, inachelewa kufunguka.

Kijana_wa_Code: Snap siku hizi iko vizuri, acha chuki.

BintiMakorora: Mwenye uzi anatumia Mint, Firefox yake ni deb, kifurushi cha kawaida. Snap imeingiaje?

Mwana_Ngamiani: Samahani wakuu, nilikuwa na wateja. RAM GB 4, Mint 21. Nimekuta ekstensheni 11, mimi niliweka mbili tu. Kwenye safe-mode mashine tatu zimetulia, ya nne bado feni inavuma.

Fundi_Chumbageni: Hiyo ya nne ifungue, angalia vumbi. Na GB 4 ni ndogo, ongeza.

Mwana_Ngamiani: RAM za DDR3 za laptop nazipata Tanga mjini, au mpaka niagize Kariakoo?