Kodi ya kaboni Kanada: ilipofutwa, bei zilishuka?

Mjukuu wa Likoni:
Wadau, habari za saa hizi. Huku kwetu lita ya petroli imebebeshwa tozo juu ya tozo, ndiyo maana nauliza. Kanada walifuta kodi ya kaboni kwa wananchi, yaani ile tozo ya hewa ukaa inayotoka kwenye mafuta, tarehe 1 Aprili 2025. Mlioko huko, maisha yalishuka bei au wenye pampu walijilia?

Dereva Edmonton:
Petroli ilishuka. Kodi ilikuwa imefika dola 80 kwa tani ya hewa ukaa, yaani senti 17.6 kwa kila lita. Mfumuko wa bei nao ulitoka asilimia 2.3 mwezi Machi ukawa 1.7 Aprili. Sasa toa nishati kwenye hesabu: unakuta 2.9! Pango, nyama, bima ya gari, vyote viko palepale. Gavana wa Benki Kuu, Tiff Macklem, alishasema kila nyongeza ya mwaka ya kodi hiyo ilikuwa ikichangia pointi 0.15 tu za asilimia kwenye mfumuko. Kelele zote zile kwa pointi 0.15.

Mimi kinachoniuma ni marejesho, zile pesa za kodi hiyo tulizokuwa tukirudishiwa. Familia ya watu wanne hapa Alberta ilikuwa ikiwekewa dola 450 kila miezi mitatu. Sisi tunakaa ghorofani na gari ni dogo, kwa hiyo tulikuwa tunabakiwa na kitu. Awamu ya mwisho iliingia Aprili hiyohiyo, basi. Jirani mwenye lori lake la kifahari anashangilia, haya.

Mhasibu:
Ongezeni kwamba viwanda vikubwa bado vinalipa. Na jimbo la British Columbia walianza kodi yao ya kaboni 2008 kwa dola 10 kwa tani wakafika 30 mwaka 2012, huku wakipunguza kodi ya mapato. Uchumi wao haukuanguka.

Mjukuu wa Likoni:
Kumbe. Sisi Kenya 2018 mafuta ya taa yaliongezwa tozo ya shilingi 18 kwa lita, kuzuia wanaochanganya na dizeli. Nyanya yangu hajaona hata ndururu ya kurudishiwa; alirudi kwenye kuni. Hayo marejesho yenu yalipitia wapi?

Dereva Edmonton:
Benki moja kwa moja, mradi umewasilisha ritani ya kodi, hata kama huna kipato. Kwenu M-Pesa ingetosha.

Mhasibu:
M-Pesa anayo, ndugu. PIN ya KRA, ile namba ya mlipakodi, ndiyo hana.