Nishani tano za kijeshi Gikomba: zipi za kweli, na zina thamani gani?

Mkebe_wa_Gikomba anauliza:

Habari zenu wakusanyaji. Kuna muuzaji wa vyuma vikuukuu Gikomba aliye na mkebe wa nishani tano, anaziuza kwa mkupuo. Amekubali zipimwe na kupigwa picha kabla ya malipo.

Ya kwanza ni ya mviringo, nyeupe iliyoingia weusi. Upande mmoja kuna kichwa cha mfalme asiye na taji, upande wa pili mtu aliye uchi juu ya farasi, miaka 1914 na 1918. Ukingoni kuna maandishi yaliyozibwa na uchafu. Ya pili ni nyota ya pembe sita, rangi ya shaba ya njano, THE BURMA STAR, na nyuma pamechongwa jina. Ya tatu ni ya mviringo, nyeupe: simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili, 1939-1945. Ya nne ni msalaba mweusi wenye fremu nyeupe, herufi W na mwaka 1914. Ya tano ina kichwa cha malkia, kibao (kipande cha chuma kinachovaliwa juu ya utepe) cha KENYA, na utepe wa njano wenye kingo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani.

Zipi ni fedha, zipi bandia, na bei inakadiriwaje? Nizisugue kwanza ili maandishi yaonekane?

Kipimo36 anajibu:

Nianze na swali lako la mwisho: usisugue hata moja. Dawa za kung'arishia zina unga unaokwangua, na vinavyotangulia kuondoka ni nywele za mfalme na herufi za ukingoni. Anayejua nishani hulipia ukingo, maana hapo ndipo lilipo jina la askari, nambari yake na kikosi chake. Ule weusi wa fedha hauli chuma, uache ulivyo. Uchafu wa ukingoni utoe kwa kijiti cha meno cha mbao kilicholoweshwa asetoni kidogo, mahali penye hewa na mbali na moto. Kisha weka tochi ya simu ubavuni, mwanga upite juu ya herufi kwa mlalo, upige picha kipande kwa kipande huku ukizungusha.

Ya kwanza ni British War Medal ya vita vikuu vya kwanza. Ya fedha ni ya kiwango cha 925 (asilimia 92.5 ni fedha tupu), kipenyo 36 mm, na kishikio chake, yaani sehemu inayoshika utepe, kimenyooka na hakizunguki. Zilitolewa karibu milioni 6.5. Ukikutana na moja kama hiyo ya bronzi, usiitupe ukidhani ni bandia: karibu 110,000 za bronzi zilitolewa kwa vikosi vya vibarua, na ni adimu kuliko za fedha. Herufi za ukingoni ziligongwa kwa mashine, moja moja, kina kimoja. Ukiona K.A.R. (King's African Rifles) hapo, huyo ni askari wa keya, na hapa Nairobi nishani hiyo ina maana zaidi ya uzito wake. Kumbukeni kwamba jina la soko la Kariokor lenyewe limetoka kwa wapagazi wa Carrier Corps.

Ya pili na ya tatu ni za vita vikuu vya pili. Uingereza ilizitoa bila majina. Za Afrika Kusini, Australia na India ndizo zilizoandikwa. Kwa hiyo jina lililo nyuma ya hiyo nyota, kama ni la askari wa keya, lilichongwa baadaye kwa gharama ya mtu binafsi. Huenda ni mwenyewe, huenda ni mchuuzi wa juzi, na jina peke yake si ushahidi. Ya simba ni ya shaba na nikeli, isipokuwa zile za Kanada zilizotengenezwa kwa fedha. Hizi mbili ni za kawaida mno, usikubali zipandishe bei ya mkebe mzima.

Ya tano ndiyo ya kuchunguza kwa saa nzima. Ni Africa General Service Medal, ya fedha. Nishani hii haikutolewa bila kibao hata mara moja, na yenye kichwa cha Malkia Elizabeth ilikuwa na kibao kimoja tu, KENYA, kwa operesheni dhidi ya Mau Mau kati ya Oktoba 1952 na Novemba 1956. Walipewa askari wa keya, polisi na vikosi vya Uingereza vilivyoletwa. Kishikio chake kina mapambo na huzunguka. Pima kipenyo kwa kalipa mahali panne au zaidi. Kama kipenyo kimeshuka chini ya 36 mm, jina limepigwa tupa.

Maji_na_Mizani anajibu:

Kujua fedha hakuhitaji asidi. Sonara akisema atakwaruza ukingo aone, mkatalie kwa adabu, atakwaruza jina. Tumia mizani ya kidijitali inayosoma 0.01 g.

Ondoa utepe. Pima nishani ikiwa kavu, andika uzito. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza nishani kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa kuta wala kitako cha kikombe. Gramu zitakazosomeka sasa ndizo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Fedha ya 925 huleta karibu 10.3. Shaba na nikeli au bronzi huleta karibu 8.9. Iliyopakwa fedha juu tu haiwezi kukudanganya hapa.

Kinachoharibu kipimo ni viputo vya hewa: vikinasa kwenye kishikio, ujazo unaongezeka na fedha halisi inaonekana duni. Tone moja la sabuni ya maji linaviondoa. Uzi mnene nao unaongeza.

Msalaba usiuzamishe. Iron Cross halisi ya 1914, nishani ya Ujerumani, ina vipande vitatu: kiini cha chuma kilichopakwa weusi, na fremu ya fedha ya nusu mbili zilizounganishwa kukizunguka. Maji yakiingia kwenye mwanya, kiini kinaota kutu na kusukuma rangi itoke. Huo upime kwa sumaku ndogo. Kiini kikivutwa, na kwa lenzi ya sonara ukaona mshono wa fremu ukingoni, endelea kuchunguza. Ukiwa ni kipande kimoja kilichomiminwa, chenye vitundu vidogo kama vya uji uliochemka na herufi laini zisizo na kona kali, rudisha mkebeni. Misalaba hii ndiyo inayoigwa kuliko nishani nyingine zote ulizotaja.

Mkebe_wa_Gikomba:

Asanteni sana. Vipimo: ya kwanza 29.94 g, ndani ya maji 2.90. Ukingoni panasomeka nambari, PTE. (private, askari wa kawaida), jina la Kiafrika, na K.A.R. Ya tano ukingo ni laini kabisa, hauna herufi, na kalipa inasoma 35.5 hadi 35.7. Msalaba haushiki sumaku na hauna mshono.

Kipimo36 anajibu:

29.94 kwa 2.90 ni 10.32. Hiyo ni fedha, na jina lipo. Ya tano nayo imepigwa tupa, kwa hiyo ilipe kama fedha yenye kibao. Ukiona siku nyingine ina herufi juu ya ukingo mwembamba kama huo, jua imeandikwa upya. Msalaba uache.

Kuhusu bei, anza na sakafu. Gramu 29.94 mara 0.925 ni 27.7 za fedha tupu. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Mnunuzi wa chakavu atakupa pungufu ya hapo. Fedha ilipopanda sana 1979 na 1980, nishani nyingi sana za aina hii ziliyeyushwa, majina na yote, na hasara hiyo haifidiki. Juu ya sakafu, tafuta nishani ya kikosi hichohicho katika kumbukumbu za minada iliyokwisha, kama za Noonans na Spink za London. Angalia bei zilizolipwa, achana na zile wauzaji wanazotamani mtandaoni. Toa ada ya mnada, usafirishaji na kodi. Ya keya haifanani bei na ya kikosi kikubwa cha Uingereza, kwa hiyo usilinganishe umbo tu.

Jalada_la_Moi_Avenue anajibu:

Niongeze mawili. Kadi za nishani za vita vya kwanza zilizoko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London, mfululizo wa WO 372, zina maofisa na askari wa Uingereza kwa wingi. Kwa askari wa keya, jina na nambari yapeleke Nyaraka za Taifa hapo Moi Avenue, uombe ripoti za wilaya za miaka hiyo. Kama alifia vitani, tafuta pia kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Andika jina kwa tahajia zote unazoweza kufikiria, maana karani wa Kizungu aliandika alivyosikia.

La pili ni sheria. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na kukitoa nchini kunataka kibali. Zako zote ni za baadaye. Ila siku ukikuta nishani ya Malkia Victoria yenye kibao cha WITU 1890, simama hapo na uwaulize Makavazi ya Taifa kabla ya kupanga kuiuza nje. Ile ya vita vya Mwele, pwani ya Kenya, dhidi ya kiongozi Mbaruk bin Rashid haikuwa na kibao, jina M'WELE na mwaka viliandikwa ukingoni, na wengi huipita wakidhani haina kitu.

Maji_na_Mizani:

Ukinunua hiyo ya K.A.R., isikae kwenye mfuko laini wa plastiki wa PVC wala kufungwa kwa mpira wa bendi. PVC huacha ute wa kijani, na salfa ya mpira huchora mstari mweusi usiotoka. Bahasha ya karatasi isiyo na asidi inatosha. Na mwombe muuzaji akuandikie risiti yenye jina na nambari ya kitambulisho chake.