Boy in da Corner: Waingereza walisifu muziki au walisifu shida za kijana?

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Naleta hoja, anayetaka kurusha mawe aanze.

Albamu ya kwanza ya rapa wa Uingereza Dizzee Rascal, Boy in da Corner, ilitoka Julai 2003. Septemba ikabeba Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka kwa Uingereza na Ireland, mbele ya Radiohead na Coldplay. Kijana mwenyewe alikuwa na miaka 18, mtoto wa Bow, mashariki ya London, mama yake Mghana. Wachambuzi karibu wote walishangilia, na hadi leo haikosekani kwenye orodha za albamu kubwa za Uingereza za karne hii. Hilo silipingi. Ninachobishia ni sababu walizotoa.

Sehemu kubwa ya sifa zile ilihusu maghorofa ya halmashauri wanakopanga wenye kipato kidogo, visu, mimba za utotoni, mtoto aliyefukuzwa shule. Utadhani walipewa faili la ustawi wa jamii, si CD. Na mwezi uleule ilipotoka, Dizzee alichomwa kisu huko Ayia Napa, Cyprus, basi magazeti yakapata pa kuanzia.

Kilichofunikwa ni kwamba midundo mingi aliitengeneza mwenyewe. Alianzia kwenye kompyuta ya darasa la muziki, baada ya masomo mengine kumshinda yeye au yeye kuwashinda walimu. Sikiliza "I Luv U": besi nene iliyokwaruzwa, ngoma zinadondoka pale ambapo sikio halizitegemei, halafu ghafla hakuna kitu. "Fix Up, Look Sharp" ni ngoma zilizokatwa kutoka wimbo wa roki wa Billy Squier wa 1980, na sauti yake juu, basi. Hajajaza. Prodyuza wa umri ule huwa anaogopa kimya, anatia kinanda, anatia kibwagizo, anatia na ving'ora. Huyu aliacha.

Wachambuzi walimsikiliza kama shahidi wa tukio. Mtunzi alikuwa amekaa palepale mbele yao.

MCHANGIAJI WA 2

Mkuu, unawaonea. Wapo waliouzungumzia mdundo tangu mwanzo. Kumbuka mwaka ule hata jina grime, yaani rap hii ya kasi ya London, lilikuwa halijakaa sawa, wengine waliita bado gereji (garage), muziki wa klabu ulioizaa. Mtu anaandika kuhusu kitu ambacho hakina jina, lazima ashike anachokiona.

Pili, hebu sikiliza wimbo wa kwanza, "Sittin' Here". Kijana amekaa tu, anautazama mtaa, anasema jana maisha yalikuwa matamu kidogo kuliko leo. Mdundo wenyewe una wasiwasi. Utautenganishaje na Bow? Na jalada je? Amejikunja kwenye kona ya chumba cha njano, vidole kichwani kama pembe. Picha ile hakuchora mchambuzi. Msanii amejitangaza kuwa mtoto mtukutu aliyewekwa konani, mhakiki kaandika hivyohivyo, halafu leo unamshitaki mhakiki?

MCHANGIAJI WA 3

Naishi mashariki ya London, niwape picha ya huku. Ukiwa Bow unaona minara ya Canary Wharf, mabenki tu, na hakuna mtu wa jengo lako anayefanya kazi kule isipokuwa usafi na ulinzi. Muziki huu ulikulia kwenye redio zisizo na leseni, antena juu ya paa la ghorofa. Rinse FM, inayoheshimika leo, ilipata leseni 2010. Rapa Wiley na kundi la Roll Deep, alilokuwamo Dizzee, walikuwa wameshapewa alama zao na vijana wa hapa kabla gazeti lolote halijapokea CD. Kwa hiyo ubishi wa wachambuzi huku kwetu unashika nafasi ya pili.

Wa kwanza ni polisi na wanasiasa. Januari 2003, baada ya wasichana wawili kuuawa kwa risasi Birmingham, waziri wa utamaduni Kim Howells aliwalaumu So Solid Crew, kundi la gereji la London, kwa jina. Miezi minane baadaye, Mercury kwa Dizzee. Halafu 2005 polisi wa London wakaleta Fomu 696: mwenye ukumbi aeleze majina, anwani na simu za wasanii, na kwa kipindi fulani hata aina ya muziki na asili ya watazamaji. Ilifutwa Novemba 2017. Hesabu mwenyewe miaka ambayo albamu ile ilikuwa inapandishwa kwenye orodha za heshima huku wenzake wakikosa ukumbi wa kupigia muziki uleule.

MLETA MADA

Ndugu yangu wa London, hapo ndipo ninapotaka tufike. Kama sifa ni kwa sababu "anatueleza hali ya mtaani", basi anayempa sifa na anayemnyima ukumbi wanakubaliana: wote wanasema huyu ni ripoti ya uhalifu. Tofauti, mmoja anaipenda ripoti.

MCHANGIAJI WA 4

Naomba niingie, maana mnaongea kama wanaume wa kijiweni. "I Luv U" ni ya mimba na kutupiana lawama, na maneno yake kwa wasichana ni makali. Wengi walipitisha kwa kisingizio cha uhalisia. Sawa. Ila mle ndani kuna binti anajibu! Ni sauti ya Jeanine Jacques, anarudisha tusi kwa tusi, na anamwacha mvulana hana pa kushika. Huo ni utunzi wa majibizano, mtu alikaa akaupanga. Mimi nampa mleta mada pointi kwa hilo, ingawa yeye mwenyewe ameutaja wimbo akaishia kwenye besi. Huyo binti, mleta mada hakumwona.

MCHANGIAJI WA 5

Hata huku Nairobi ni hivyo hivyo. Drill, rap ya mtaani ya makundi kama Buruklyn Boyz na Wakadinali, mdundo wake umepitia London. Wazazi wanasema inafunza watoto wizi, waandishi wanasema ni sauti ya ghetto. Nani ametengeneza beat? Hakuna anayeuliza.

MCHANGIAJI WA 2

Mleta mada bado hajanijibu kuhusu jalada. Na nimwongeze jingine: Psychodrama ya Dave, rapa mwingine wa London, ilishinda Mercury 2019, nayo ni albamu ya kwanza, ina gereza, ina kaka aliyefungwa, na watu walisifu ufundi wake. Wamebadilika hao.

MLETA MADA

Dada, nimeshikwa, binti yule ni nusu ya wimbo.

Mkuu wa 2, jalada: kujiweka konani ni mzaha wa msanii, na mzaha unasomwa kama mzaha. Dizzee kwenye albamu hiyohiyo anajiita tatizo kwa Tony Blair, waziri mkuu wa wakati ule. Mtu anayesema hivyo akiwa na miaka 18 anacheka, hajazi fomu.

Dave: Psychodrama imepangwa kama mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia, piano taratibu, mistari inasikika neno kwa neno. Ufundi wa namna hiyo mhakiki aliyesoma fasihi anaukuta njiani. Wa Dizzee ulikuwa kwenye ngoma, na wanunuzi pia walichelewa: albamu iliishia nafasi ya 23. Namba moja alizipata baadaye, "Dance Wiv Me" 2008 na "Bonkers" 2009, nyimbo za kuchezea klabu zisizo na kisu wala kona.

Niletee uhakiki mmoja wa 2003 uliotumia nusu ya nafasi yake kwenye midundo, nitakupa ushindi hapahapa.

MCHANGIAJI WA 2

Nusu? Jana ulisema "sehemu kubwa ya sifa", leo unadai nusu ya ukurasa. Ngoja niutafute, ila nikileta theluthi uikubali.